Je, Sanaa ni Elimu ya Kufuatwa Mbali?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwezi huu tumeletewa barua na mzazi mmoja wa kata yetu ya Mwankoko, hapa Singida. Ametuomba tulisitiri jina lake, nasi tumelisitiri. Asema kijana wake amehitimu shahada ya kwanza ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa ataka kwenda Asia kusoma shahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo. Safari yataka fedha, na mali iliyopo nyumbani ni ng'ombe watatu na shamba la alizeti. Mzee auliza maswali mawili kwa pumzi moja: Je, sanaa hii ni elimu hata iuziwe ng'ombe? Na je, yamfaa Mwislamu?

Sisi ni walimu wa chuoni. Tulisoma Kurani, tukasoma na darasa la saba, wala hatudai kuyajua yote yaliyomo ndani ya vyuo vikuu. Lakini swali hili si la mzee mmoja tu. Tumekwisha kuulizwa na wengine barazani baada ya sala ya alasiri, na kila mara tulikuwa tukijibu maneno mafupi. Safari hii tumewaendea waliosoma, tumetazama na vitabu, na jibu letu litakuwa refu kidogo. Tunawaomba wasomaji wetu wavumilie.

Kwanza tuiondoe hoja moja njiani. Kijana amemwambia baba yake kwamba tumeamrishwa kutafuta elimu hata Uchina, na kwa hiyo mzee hana la kupinga. Maneno hayo yameenea sana katika vinywa vya watu, na mara nyingi husemwa kuwa ni hadithi ya Mtume (S.A.W.). Lakini Imam al-Bayhaqi alipoyapokea alieleza kwamba njia zake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi akayatia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Fadhila ya elimu ina dalili nyingine nyingi zilizo madhubuti. Basi vijana wetu wasiwafunge midomo wazazi wao kwa hadithi ambayo wenyewe hawajaichungua. Kama wataka kwenda Uchina, na waseme wanakwenda kufanya nini.

Sasa tuje kwenye sanaa yenyewe. Mzee wetu aandika kwamba kwa ufahamu wake sanaa ni ngoma na vinyago. Hatumlaumu, maana ndivyo neno hili linavyotumika sokoni. Lakini na atazame ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama wa kijana anajitanda khanga. Khanga ile ina pindo, ina mji, na ina jina. Mtu fulani aliketi akaipima mistari yake, akachagua rangi, akayapanga maneno mahali pake. Katika karne iliyopita khanga nyingi za pwani yetu zilichapwa Ulaya na Japani, na hata leo mji wa Jetpur, katika jimbo la Gujarat huko Bara Hindi, wajulikana kwa kuchapa khanga na vitenge vya kuletwa Afrika. Sisi wenyewe tulipata kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1968. Vazi la mama zetu, basi, lina nusu ya historia yake ng'ambo ya bahari, na habari zake zimo katika madaftari ya wafanyabiashara na katika viwanda vya watu wengine. Ni nani wetu aliyekwenda kuzisoma huko?

Na wala si khanga peke yake. Msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Misahafu wakaipamba kwa nakshi za rangi, kazi ya mikono ya Waswahili wenyewe, na leo wataalamu wa mbali huifungua kurasa kwa kurasa. Milango ya Unguja yenye matao ya duara ina alama ya mafundi wa Kihindi. Na pale Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, liko kaburi la mnara lililopachikwa sahani za Kichina. Sahani na bakuli za namna hiyo zimeonekana Kaole, zimeonekana Gedi, na Kilwa zimechimbuliwa vipande kwa vipande. Aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa vitabu viwili vikubwa mwaka 1974 ni Mwingereza, Neville Chittick. Tunamshukuru kwa kazi yake. Lakini mtu akituuliza bakuli hili la kijani lilitoka katika tanuri za Longquan au kwingineko, na kwa nini wazee wetu wakalipenda hilo wakaacha jingine, tutamwita nani ajibu?

Huku kwetu bara pia tunayo ya kutazama. Miaka kadhaa nyuma tulikwenda Kondoa kwa jambo la msiba, na wenyeji wakatupeleka Kolo kuyaona mapango. Tuliona twiga na pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu iliyokolea, na juu yao michoro mingine myeupe ya watu waliokuja baadaye. Mapango ya namna hiyo katika eneo lile hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, nayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mama mmoja wa Kiingereza, Mary Leakey, alikaa huko mwaka 1951 akiyanakili mmoja mmoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Tuliporejea Mwankoko tuliyatazama majabali yetu haya, ambayo watoto hukalia wakichunga mbuzi, kwa jicho jingine kabisa.

Huo ndio upande wa kwanza wa jibu. Kutazama vitu vilivyotengenezwa na watu, kujua vimetengenezwaje, na nani, na kwa sababu gani, ni elimu kama elimu nyingine. Nayo ni elimu ambayo kwetu ina kazi nyingi na wafanyakazi wachache.

Swali la pili, la halali na haramu, mzee asilijibu kwa hasira wala kijana asilijibu kwa kucheka. Wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani. Kuchonga masanamu ya viumbe wenye roho wengi wamelikataza, na katika michoro isiyo na kivuli, na sasa katika picha za kamera, wametofautiana. Lakini miti, majani, mistari, maumbo ya hesabu na khati havina mgogoro. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba mtu mmoja mwenye kazi ya kuchora alimjia, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumwambia avunje kalamu yake akalime. Na ulimwengu wa Kiislamu umejaa kazi za mlango huo, tangu Andalusia hata Samarkand.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo vijana huyachanganya wanapozungumza na wazee wao. Kuna sanaa ya mkono, na kuna sanaa ya jicho. Anayesoma ya mkono atachora, atafinyanga, atachonga; na katika vyuo vingi ataketishwa mbele ya mtu, pengine aliye uchi, aambiwe amchore. Hilo lipo, na tusilifiche. Kijana Mwislamu na aulize kabla ya kuomba nafasi, kwa barua, kama somo hilo ni la lazima, maana kujua ukiwa huku kwenu ni kwepesi kuliko kugombana na mwalimu ukiwa umekwisha kufika. Anayesoma ya jicho, yaani historia ya sanaa, au utunzaji wa vitu vya makumbusho, kazi yake ni kutazama, kupima, kusoma na kuandika. Mlango huu hatuuoni kuwa na shida kubwa kuliko ya mtu anayesoma historia ya wafalme.

Na Asia ni pana. Mzee ameandika neno Asia kama anayetaja kijiji jirani, na twadhani ndivyo alivyolisikia kwa mwanawe. Kijana akisema anakwenda Asia bila kutaja mji wala chuo, bado hajajua anakokwenda.

Bara Hindi, katika mji wa Vadodara ambao wazee waliuita Baroda, kiko kitivo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao, kilichoanzishwa mwaka 1950, chenye idara ya historia ya sanaa. Mji huo umo Gujarat, jimbo lile lile la Jetpur tuliyoitaja, na ndiko walikotoka wengi katika Wahindi wa pwani yetu. Masomo ni kwa Kiingereza, na uzamili huchukua miaka miwili. Upande wa Bengali, Santiniketan, liko jumba la sanaa la Kala Bhavana lililoanzishwa na Rabindranath Tagore mwaka 1919. Tagore hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya. Alitaka waanze na udongo wa kwao, na mafundi wa vijijini wakathaminiwa pale. Mtoto wa Kinyaturu aliyemwona bibi yake akifinyanga chungu na kuchoma nakshi kwenye kibuyu hatakuwa mgeni sana mahali kama pale.

Lahore, nchini Pakistani, kipo Chuo cha Taifa cha Sanaa kilichoanza mwaka 1875 kwa jina la Mayo School. Huko hufundishwa mpaka leo ule uchoraji mdogo wa vitabu wa zama za Wamughal, wa kutumia brashi ya nywele chache na karatasi iliyosuguliwa kwa mkono.

Uchina ndiko wanakokwenda wengi wa vijana wetu siku hizi, kwa sababu ya misaada ya masomo. Mjini Hangzhou kipo Chuo cha Sanaa cha China kilichoanzishwa mwaka 1928, na katika mji huo huo upo msikiti wa kale uitwao Fenghuang, ambao ni katika misikiti mikongwe ya nchi ile. Jingdezhen, mji wa kauri tangu karne nyingi, una chuo kikuu cha fani ya kauri. Mtu atakayetaka kuzisoma sahani za Kunduchi na Kilwa, na aanzie pale. Na Waislamu wa Uchina wana khati yao ya Kiarabu waiitayo Sini, ambayo huandikwa kwa mkono unaofanana na brashi ya Kichina. Fundi wake mashuhuri kwa sasa, Haji Noor Deen, ameionyesha katika nchi nyingi. Tumeitaja kwa sababu wanafunzi wetu wa chuoni walipoonyeshwa picha ya khati hiyo walibisha kwamba si Kiarabu, mpaka tulipowasomea herufi kwa herufi.

Mambo ya chakula na sala yasimtie mzee hofu kupita kiasi. Uchina, chakula cha halali hujulikana kwa neno *qingzhen*, na mikahawa ya Waislamu wa kabila la Hui imo karibu katika kila mji mkubwa. Bara Hindi na Pakistani hatuna haja ya kusema. Lakini kuna upweke. Mwanafunzi atafunga Ramadhani katika bweni ambalo huenda hana mwenziwe hata mmoja wa kufuturu naye. Hilo laweza kumvunja mtu imara, na mzazi afanye hesabu yake mapema: amjulie hali, asimpigie simu kwa ajili ya kuuliza fedha tu.

Wazazi wenye mabinti nao wameuliza, ingawa si katika barua hii. Suala la safari ya mwanamke bila maharimu lina maneno ya wanavyuoni pande zote, na kila nyumba imuulize shekhe inayemwamini. Letu ni moja tu: binti mwenye akili asizuiwe kusoma kwa kisingizio cha safari ilhali kaka yake asiyejua anachokitaka anauziwa ng'ombe.

Na sasa tuwarejee hao ng'ombe.

Mwaka 1965 Serikali yetu ilipeleka vijana 20 Uchina kujifunza sarakasi. Walikaa miaka minne, wakarudi mwaka 1969, na ndio walioanzisha kikundi cha taifa cha sarakasi. Baadaye vikundi vya taifa vilipovunjwa, kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na elimu ile ya Uchina ikaingia humo na kuwafikia vijana ambao hawakupanda ndege kamwe. Vijana wale hawakurudi na shahada ya uzamili. Lakini walitumwa, walilipiwa, na waliporudi walikuta mahali pa kukaa na kazi ya kufanya. Kijana wa leo huenda peke yake, na akirudi na cheti chake kizuri hakuna kiti kinachomngoja. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo inayotufanya tusiharakishe kuwaondoa ng'ombe zizini.

Rai yetu ni kwamba mzee asiuze mifugo kulipa karo ya chuo. Misaada ya masomo ipo. Serikali ya Uchina hutoa nafasi kila mwaka kwa makubaliano na nchi yetu, na kwa uzamili hulipa karo, bweni na bima, pamoja na posho ambayo kwa kima cha miaka ya karibuni ni Yuan 3,000 kwa mwezi. Mwombaji wa uzamili asizidi umri wa miaka 35. Bara Hindi hutoa yake kwa njia ya Baraza la Uhusiano wa Utamaduni, ambalo lilianzishwa mwaka 1950 na Maulana Abul Kalam Azad, mwanachuoni na waziri. Japani nayo hutoa tangu mwaka 1954. Asipopata mwaka huu, na aombe mwaka ujao. Miezi hiyo kumi na miwili haitapotea kama ataitumia kusoma lugha. Masomo mengi ya Uchina huendeshwa kwa Kichina, na asiyeijua hutakiwa kuisoma mwaka mzima kabla ya kuanza. Lakini si lazima aisubiri Beijing: Chuo Kikuu cha Dodoma, hapo jirani, kina Taasisi ya Confucius inayofundisha lugha hiyo tangu mwaka 2013.

Ng'ombe mmoja twamruhusu auzwe, kwa ajili ya pasipoti, vipimo vya hospitali, tafsiri za vyeti, na nauli kama msaada hauilipi. Maana ipo inayolipa nauli na ipo isiyolipa, na barua ya chuo isomwe mpaka mstari wa mwisho. Wale wawili wabaki.

Na wasipewe mawakala. Katika mji wetu ipo familia iliyompa mtu fedha za vitunguu vya msimu mzima ili awatafutie nafasi ya chuo ng'ambo. Barua ililetwa, ina mhuri na nembo, na chuo chenyewe kilipoandikiwa kilijibu kwamba hakimjui mwanafunzi huyo. Mtu yule hapokei simu tena. Nafasi za misaada ya serikali hutangazwa na Wizara ya Elimu na balozi, na anayetaka kukulipisha ili akufanyie ombi, mwulize kwanza yeye ni nani. Kadhalika kabla ya kuondoka kijana aulizie Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa hapa kwetu. Wapo waliorudi na karatasi wakaambiwa haitambuliwi, wakati ule machozi hayasaidii.

Kuhusu kazi baada ya kurudi tusidanganyane. Makumbusho ni machache, na vyuo vyenye idara ya sanaa vyahesabika kwa vidole. Shahada ya uzamili humfungulia mtu mlango wa kuwa mhadhiri msaidizi, lakini mlango kufunguliwa si kuitwa ndani. Kwa hiyo twamshauri mzee amwite mwanawe jioni moja, bila watu, amuulize swali hili: Ukifika huko, ni kitu gani cha kwetu utakachokuwa unakitafuta? Kijana akijibu khanga, au sahani za Kichina, au michoro ya Kolo, au Misahafu ya Siyu, na akaweza kuzungumza juu yake mpaka chai ikapoa, basi ana safari, naye apewe radhi na dua. Akijibu kwamba ataka tu kuwa na uzamili, na aanze kwanza kazi yoyote hapa hapa Singida huku akijiuliza. Nafasi za Uchina kwa kawaida hutangazwa mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka mpya, kwa hiyo muda wa kufikiri anao.

Barua ya pili iliyo mezani petu ni ya mama mmoja mwenye swali la mirathi ya kiwanja. Hiyo tutaijibu mwezi ujao, inshaallah.